Nimepewa darasa la karate la watoto, nianzie wapi?

MkandaKahawia:
Wakuu, salaam. Mwezi ujao naanza kufundisha karate watoto 18 wa miaka 5 hadi 10, saa nzima, mara mbili kwa wiki. Watu wazima nimeshawahi kuwasaidia, watoto bado. Naomba kujua: nipange vipi kipindi, nianze na mbinu zipi, na lini niwaruhusu kupigana?

Zamu_ya_Pili:
Ligawe kwanza hilo darasa, mkuu. Wa miaka 5 na 6 dakika 40 zinawatosha, wakubwa wape saa yao. Ukiwachanganya utawapoteza wote.

Halafu ondoa foleni. Piga hesabu: watoto 18, pedi moja (mto wa kupigia mateke), kila mmoja sekunde 7. Aliyepiga teke sasa hivi anangoja dakika mbili nzima kupata la pili. Ni katika dakika hizo ndipo wanasukumana, wanafunguana mikanda na kugaragara, nawe unaanza kusema watoto wa siku hizi watukutu. Tafuta pedi sita, weka vikundi vya watatu: mmoja apige, mmoja ashike, wa tatu ahesabu kwa sauti mpaka kumi, kisha wabadilishane.

Kushika pedi kufundishwe kabla ya teke lenyewe. Mtoto akiiweka mbele ya uso, teke la kwanza linairudisha kwenye meno yake. Aikumbatie kwa mikono miwili usawa wa tumbo, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, uso mbali na ukingo wa juu.

Ukemi:
Mimi mtu wa judo, kwa hiyo mtanisamehe nikivutia kwangu. Wiki ya kwanza fundisha kuanguka, hata kama hakuna anayemtupa mwenzake. Anayejifunza teke ataanguka tu.

Aanze akiwa amelala chali. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wake. Akilitazama fundo, kisogo hakigusi chini. Mikono ipige mkeka kwa kiganja na kigasha kwa pamoja, viganja vikitazama chini, pembe kati ya mkono na mwili iwe kama digrii 30 hadi 45. Ikipanuka hadi usawa wa mabega, bega ndilo linaumia. Baada ya hapo akiwa ameketi, kisha amechuchumaa, mwisho amesimama. Kwenye kuchuchumaa kaa wiki kadhaa, usione haya.

Kosa kubwa ni kutanguliza mkono nyuma ili kujizuia. Hapo ndipo kifundo cha mkono au kiwiko kinavunjika. Dawa yake: akunje mikono kifuani, abingirike nyuma mara kumi bila kupiga mkeka kabisa, halafu ndipo umrudishie kupiga.

GediJuu:
Naongezea kwenye mbinu. Ngumi: kagua kidole gumba cha kila mtoto, kila siku. Wengi hukificha ndani ya vidole. Kikae nje, kimelalia kidole cha shahada na cha kati.

Mae geri, yaani teke la mbele, igawe mara nne: inua goti, nyoosha, rudisha, weka chini. Tatizo karibu kila mara ni la tatu, mguu unadondoka mbele badala ya kurudi. Mwambie asimame goti juu hadi uhesabu mbili. Na mateke ya hewani yasipigwe kwa nguvu zote hadi goti linagonga mwisho wake. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto bado kuna gegedu inayokua. Nguvu zote ziende kwenye pedi.

Ukiwatazama uso kwa uso, tumia kushoto kwako wanapotumia kulia kwao. Inasumbua mwanzoni, ila ukisahau, nusu ya darasa litageuka upande usiofaa.

Zamu_ya_Pili:
Kuhusu kupigana: anza na mchezo wa kugusa bega na goti kwa kiganja wazi, raundi za sekunde 30. Hapo wanajifunza umbali na miguu. Kichwani pasiguswe. Kofia ya kinga inapunguza michubuko na majeraha ya ngozi, haizuii ubongo kutikisika. Akigongwa kichwa halafu akawa mzito, anaumwa kichwa au anatapika, amemaliza siku hiyo. Mzazi aambiwe, na mtoto aonwe na daktari.

MkandaKahawia:
Asanteni sana. Asiyetii nimpe pushapu?

GediJuu:
Hapana. Ukizifanya adhabu, kesho ukizitaka kama zoezi watazichukia. Aketi pembeni dakika mbili mahali anapokuona, kisha umrudishe bila hotuba.

Ukemi:
Nakubaliana, ila kwa wa miaka 5 dakika moja inatosha. Na usiwe mtu mzima peke yako ukumbini: mmoja akienda chooni au akilia, nani anabaki na 17? Kabla ya kumshika mtoto kumrekebisha, mwambie unamshika wapi.

MkandaKahawia:
Nimeelewa. Pedi ninazo mbili tu kwa sasa.

Zamu_ya_Pili:
Basi kila kikundi kiwe na kituo chake, vituo sita, na hizo mbili ziwe vituo viwili vya pedi. Vinne vilivyobaki: kuanguka, kuruka mkanda uliolazwa chini, kugusa goti, na kusimama mguu mmoja. Badilisha kila dakika tatu kwa filimbi.