Mrejesho: lenzi ya kwenda nayo Kiubo

Wakubwa, niliuliza nibebe lenzi gani kutoka Lubumbashi hadi maporomoko ya Kiubo, mto Lufira: ile ndefu ya milimita 55-250, ya kuvuta vilivyo mbali, au ile fupi ya 18-55, ya kuchukua eneo pana. Nimerudi, aksanti sana. Nilimfuata aliyesema 18-55 na stendi ya miguu mitatu. Ule ushauri wa kuning'iniza begi chini ya stendi ili itulie ni kweli tupu, haikutikisika. Jioni, tundu la lenzi dogo (f/16), wepesi wa kamera kwa mwanga chini (ISO 100), picha ikipokea mwanga nusu sekunde: maji yalitoka laini kama pamba. Mchana ilishindikana, filta ya giza, kioo cha kupunguza mwanga, sikuipata mjini, na kwa nusu sekunde hiyohiyo picha ziliungua zote, nyeupe kwa mwanga kupita kiasi. Uliyesema nisibadilishe lenzi njiani, ubarikiwe: vumbi lile jekundu liliingia mpaka kwenye zipu. Lenzi ndefu niliiacha nyumbani, nikaikumbuka kwa picha za ndege wa porini tu.