Mjadala: Je, picha za Burne-Jones zenye sura ya Maria Zambaco zitazamwe bila kisa chake?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyetangulia ametoa hoja kwamba michoro ya mapenzi ya Uingereza ya miongo ya mwisho ya Malkia Victoria itazamwe kwa uzuri wake tu, kwani siri za ndoa ya mchoraji hazimhusu mtazamaji. Naiheshimu hoja hiyo, ila siikubali, na kinachonizuia ni picha moja.

Mwaka 1870 mchoraji Mwingereza Edward Burne-Jones, aliyemwoa Georgiana mwaka 1860, alionyesha mjini London picha ya rangi za maji iitwayo Phyllis and Demophoön. Phyllis ni binti wa hadithi ya Kiyunani ambaye alijiua kwa kudhani ameachwa, akageuzwa mlozi. Katika picha anachomoza kutoka shinani na kumzungushia mikono Demophoön, mpenzi aliyerudi. Naye mwanamume, akiwa uchi, ameupinda mwili kama mtu anayetaka kujinasua, na anavyogeuka kumtazama, usoni mwake hofu imeizidi furaha. Sura ya Phyllis ni ya Maria Zambaco, ambaye Burne-Jones alikuwa na uhusiano naye nje ya ndoa, na ambaye mwaka 1869, kwa mujibu wa barua ya mchoraji mwenzake Rossetti, alijaribu kujitosa majini. Chama cha wachoraji wa rangi za maji kilipotaka uchi ule ufunikwe, mchoraji aliiondoa picha na kujiuzulu. Mwaka 1882 aliirudia kwa rangi za mafuta, akaiita The Tree of Forgiveness, yaani Mti wa Msamaha. Safari hii mwanamume alipewa kitambaa, lakini bado anajinasua.

Asiyejua kisa ataona msamaha. Anayekijua ataona mwanamume aliyechora woga wake mwenyewe akampa mwanamke mzigo wa kuonekana ndiye anayenasa. Mchoraji ndiye aliyekiingiza kisa hicho kwenye picha. Sisi tutakitoa kwa haki gani?

Hata hivyo, wanaounga mkono upande wangu nao huishia njiani, kwa kuwa humtaja Zambaco kama hawara tu. Alikuwa msanii, alifundishwa na msanii Alphonse Legros, na medali alizozitengeneza miaka ya 1880 zimo katika jumba la makumbusho la British Museum. Ningependa medali hizo zionyeshwe pamoja na Desiderium, mchoro wa penseli wa mwaka 1873 wenye sura yake, ambao jina lake la Kilatini lina maana ya shauku. Mwenzetu anayetetea uzuri mtupu atuambie kama kuziweka pamoja kungempunguzia uzuri huo.