Nimeuliza swali la mbegu, nimejibiwa habari za MKIA!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye ule mkutano wa mtandaoni wa bayoteknolojia ya kilimo, hata dakika kumi hazijaisha, kompyuta bado ya moto. Na yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa tai, anayekodiwa na serikali hii leo na ile kesho kuzipigia debe mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Kila mkutano yumo, nadhani hata msibani huwa anaenda na projekta.

Kaongea saa moja na nusu. Slaidi sitini! Slaidi ya kwanza mtoto anacheka kashika gunzi. Slaidi ya sitini mtoto yule yule, gunzi lile lile, sasa kaling'ata upande. Katikati hapo sikumbuki kitu.

Zamu ya maswali ikafika. Nikawasha maiki, kwa adabu zote, nikasema: "Mheshimiwa, Marekani inaidhinisha hizi mbegu nyumbani, halafu inatuma mabalozi wake wakazinadi ugenini. China ndiyo kabisa, kampuni ya serikali iliinunua Syngenta, kampuni kubwa ya mbegu na dawa za kilimo, mwaka 2017 kwa dola bilioni 43. Sasa hapo refa ni nani na mchezaji ni nani?"

Akanywa maji. Akarekebisha tai. Akasema: "Ndugu yangu, Wamarekani wanayalima na kuyala mahindi haya tangu miaka ya tisini. Nani kaota mkia? Au wewe umeshaanza kuota?"

MKIA, wakuu.

Mimi mkia sikuutaja! Sikutaja pembe, sikutaja kwato, sikutaja mnyama yeyote. Nimeuliza refa! Watu zaidi ya mia mbili wakamwaga emoji za kucheka mpaka skrini ikawa njano tupu kama shamba la alizeti. Nikitaka kujibu, maiki wameshaizima. Nimebaki nafungua mdomo na kufumba kama samaki kwenye tenga.

Ningeachiwa nusu dakika tu ningemwambia: mwaka 2003 Marekani, Kanada na Argentina waliishitaki Ulaya kwenye Shirika la Biashara Duniani kwa kuzichelewesha hizo mbegu, na 2006 wakashinda. Mwaka 2007 balozi wa Marekani kule Paris aliishauri serikali yake iandae orodha ya kulipiza kisasi, iwaume Wazungu wenzao, WikiLeaks, wale wafichua siri za serikali mtandaoni, wakaja kuianika barua yake. Huyo ni refa? Refa gani anapiga penalti mwenyewe halafu anampa kipa kadi?

Lakini sikuachiwa. Nimeulizwa mkia. Mbele ya watu mia mbili. Umri wangu huu.

Jembe Butu: Mkuu pole sana. Ila swali ni lile lile: umeanza kuota au bado?

Bibi Mkali: Picha tafadhali. Uzi bila picha ya mkia ni umbea.

Mleta mada: Ndiyo maana nchi hazisongi mbele. Mtu kadhalilishwa, nyinyi mnataka picha.

Profesa wa Kibarazani: Kwa faida ya wengine. Mwaka 2016 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia mamia ya tafiti, hazikuona ushahidi kwamba vyakula hivi vina hatari kwa afya kuliko vya kawaida. Na mahindi ya Bt yanajitengenezea sumu ya wadudu kutokana na jeni ya bakteria wa udongoni aitwaye Bt kwa kifupi, kwa hiyo mkulima anapunguza kupuliza dawa. Mleta mada apunguze jazba.

Mleta mada: Nani kataja afya??? REFA! Nimeuliza refa! Na wewe ulikuwa kwenye kile kikao nini?

Dudumizi: Hahaha kajibiwa mkia mara ya pili.

Kiroba Kitupu: Mimi malalamiko yangu ni makubwa kuliko yako. Burkina Faso walishawishiwa pamba ya Bt, wakaanza kuilima kibiashara 2008. Mavuno mazuri, funza kwisha, ila nyuzi zikawa fupi, na sifa ya pamba yao ilikuwa ni nyuzi ndefu. Kufikia 2016 wameiacha. Hakuna aliyesimama na slaidi kulieleza hilo.

Mleta mada: Ya pamba fungua uzi wako.

Kiroba Kitupu: Ndiyo ubinafsi ninaousema.

Shangazi wa Mtandao: Na lebo je? Marekani tangu Januari 2022 ni lazima waandike kama chakula kina uhandisi jeni, yaani kimebadilishwa vinasaba. Ukidhani wameandika waziwazi, kumbe waliruhusiwa kuweka kimraba cha kuskani kwa simu. Simu ikiisha chaji hujui unakula nini. Nikaskani kimoja kikanipeleka kwenye ukurasa wa mapishi.

Jembe Butu: Shangazi, ulipika?

Shangazi wa Mtandao: Nilipika. Kilikuwa kitamu, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mzee wa Koti: Vijana, tukumbuke pia Marekani hawajaingia kwenye Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe waliobadilishwa vinasaba, iliyopitishwa mwaka 2000. Hawamo, ila wanafundisha wengine.

Mleta mada: Asante mzee wangu! Angalau mmoja kanielewa. Sasa turudi kwa yule bwana na mkia wake.

Mzee wa Koti: Mkia wako, mwanangu. Yeye alikuuliza tu.

Dudumizi: 😂😂😂 Mzee kafunga mjadala.

Nukta Tatu: Mimi nilikuwepo kwenye huo mkutano. Cha mkia sikukisikia vizuri, kuna mtu kaacha maiki wazi anatafuna bisi saa nzima. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Bibi Mkali: Jamani hata mimi! Kru kru kru. Slaidi zote sitini.

Profesa wa Kibarazani: Kwa taarifa tu, zaidi ya asilimia 90 ya mahindi yanayolimwa Marekani ni ya uhandisi jeni, ila ya bisi hayamo sokoni. Kwa hiyo mtafunaji yuko salama.

Nukta Tatu: Salama kwake. Masikio yangu je?

Shangazi wa Mtandao: Na vyeti vya ushiriki vimekuja, jina langu wameandika "Shagazi".

Kiroba Kitupu: Mimi wameandika "Mshiriki wa Kiume".

Mleta mada: Wakuu, nimedhalilishwa hapa, turudini kwenye mada.

Bibi Mkali: Subiri kwanza mkuu, tunamtafuta wa bisi.

Jembe Butu: Zilikuwa karanga.