Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuishi kwa kupiga na kufundisha ogani

Ndugu zangu, mdogo wangu, mpiga kinanda wa parokia yetu hapa Jinja, amemaliza kidato cha sita na anataka kuishi kwa kupiga ogani na kufundisha watoto. Baba anasema hiyo ni huduma ya Jumapili, si ajira. Mimi naona ni ajira, kwa kuwa Bach, mtunzi na mpiga ogani wa Ujerumani, alifundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas, Leipzig, kuanzia 1723, na Marcel Dupré, aliyepiga ogani katika kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris, alimfundisha mtunzi Olivier Messiaen, ambaye naye akawa mwalimu mashuhuri. Lakini wao walilipwa mshahara, ilhali kwetu parokia hutoa posho ndogo tu.

Kinachonisumbua zaidi ni miguu: amejifunzia kinanda cha umeme kisicho na pedali (vibao vya ogani vinavyopigwa kwa miguu), na ogani za mabomba, kama ile ya kanisa kuu la Namirembe, Kampala, ni adimu nchini. Je, miguu inaweza kufunzwa akiwa mtu mzima? Asome kwanza muziki Makerere, au achukue ualimu wa shule, apate mshahara, kisha afundishe watoto jioni? Nanyi mnaofundisha, mnapatanaje ada na wazazi ambao hawana kinanda nyumbani?