Yule MC wa tamasha la jana, bibi zetu walimkosea nini??

Wakuu mbukwenyi. Sijalala. Naandika hapa vumbi la uwanjani bado liko puani.

Simtaji, mnamjua. Yule yule wa koti linalong'aa kama bati jipya, kila harusi kila kipaimara kuanzia huku Bahi mpaka Kongwa yumo. Sasa nani alimpa maiki siku ya ngoma za asili??

Kina bibi wa muheme, ngoma yetu Wagogo wa huku Dodoma, wamefika asubuhi na mapema nyuma ya kenta, ngoma wamezipakata kama wajukuu, wamekaa juani mpaka saa tisa wanasubiri mgeni rasmi amalize hotuba, hotuba ambayo ungepanda uwele na ukavuna bado anashukuru kamati. Ndo wanaitwa. Wakabana ngoma mapajani, kiongozi akaanza, wenzie wakaitikia, ngozi ndo kwanza inachangamka, mimi mwili umenisisimka, dakika mbili hazijafika jamaa kadaka maiki: "Asanteni bibi zetu, sasa tuingie kwenye burudani yenyewe!" Singeli ikafunguliwa.

BURUDANI YENYEWE. Na bibi mkono bado uko juu! Ngoma mapajani, mkono juu, hajui apige au aushushe.

Muheme ni ngoma ya wanawake, mabibi wameipiga kwenye unyago wa mabinti miaka na miaka, siyo ya kujazia muda DJ akitafuta waya. Marehemu Hukwe Zawose kabeba zeze na marimba hizi hizi za Kigogo mpaka Ulaya, wazungu wakatulia wakasikiliza, huyu wa kwetu dakika tano zimemshinda. Mkono wa bibi uko juu jamani!!!

Mtoto wa Mnadani: Nilikuwepo. Hujasema alivyomwita mpiga zeze "mzee wa gitaa".

Kibuyu84: 😂😂😂 Zeze linapigwa kwa upinde, gitaa lina upinde wapi

Anko Uwele: Mleta uzi ungepanda jukwaani ukamnyang'anya maiki, siyo kuja kulia huku. Halafu nilikuona, singeli ilipoanza ulikuwa umenyanyua simu unarekodi.

Mleta uzi: Nilikuwa nachukua ushahidi! Mkono wa bibi upo kwenye video, uko juu, niiweke hapa?

Anko Uwele: Weka, tuone na kiuno chako.

DadaMpunga: Nyie mnalilia ngoma mi nalilia soda elfu mbili. Ya moto.

Kibuyu84: Afadhali wewe. Bango limeandikwa VYAKULA VYA ASILI, nimefunga tumbo tangu asubuhi nasubiri ugali wa uwele na mlenda, kufika bandani chipsi.

DadaMpunga: Tena zimelala.

Anko Uwele: Na choo kimoja uwanja mzima, foleni karibu ifike relini.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, kina bibi wameondoka hata kuagwa hawajaagwa

Mtoto wa Mnadani: Wao si walikuwa na kenta, mimi boda kanipiga elfu tano usiku ule.

DadaMpunga: Elfu tano mpaka wapi??

Mtoto wa Mnadani: Pale tu mnadani.

Kibuyu84: Taja kijiwe, hao nawajua, na mimi walishanifanyia hivyo hivyo na mvua juu