Mjadala: Utawala endelevu wa kampuni unaongeza faida kweli, au ni pambo la ripoti ya mwaka?

Mleta mada: Wakuu, siku hizi huwezi kufungua ripoti ya mwaka ya kampuni kubwa usikute kurasa kibao za mazingira, jamii na utawala bora, na mwenyekiti wa bodi akiapa kwamba hayo yote yanawaongezea wanahisa thamani. Mimi nasema ushahidi ni mwembamba kuliko unavyopigiwa debe.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Friede, Busch na Bassen wa 2015. Walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 2,000 wakakuta takribani asilimia 90 hazikuona uhusiano hasi na matokeo ya kifedha. Sasa, kutoona hasara ni jambo moja na kuona faida ni jingine. Humo zimo pia zilizokuta hakuna uhusiano wowote. Tena, kampuni yenye fedha ndiyo inayomudu wakaguzi makini, mitambo safi na washauri wa kuandika ripoti. Huenda faida ndiyo iliyotangulia.

Na msisahau Volkswagen. Septemba 2015 faharisi ya uendelevu ya Dow Jones, orodha ya kampuni zenye alama za juu za uendelevu, iliitaja kuwa kinara wa sekta ya magari. Mwezi huohuo Marekani ikatangaza kwamba magari yake ya dizeli yana programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Magari kama milioni 11 duniani, na gharama iliyopita euro bilioni 30. Alama zilisaidia nini?

Mhasibu: Mkuu, utafiti huo umeusoma nusu. Waandishi haohao wanasema sehemu kubwa ya tafiti hizo iliona uhusiano chanya. Hoja yako ya nani alitangulia naikubali, ila Volkswagen unaihesabu vibaya. Kura nyingi zilikuwa mikononi mwa familia moja, jimbo la Lower Saxony la huko Ujerumani likishika asilimia 20, na sauti huru kwenye bodi ya usimamizi zilikuwa chache. Huo ni utawala mbovu uliopewa cheti kizuri.

Faida ya utawala bora usiitafute kwenye mapato ya robo mwaka. Itafute kwenye hasara ambayo haikutokea, ndiyo maana haionekani kirahisi. Tazama Wells Fargo, benki ya Marekani. Wafanyakazi wa matawi walishinikizwa kumuuzia kila mteja bidhaa nane za benki. Nane! Wakafungua akaunti kwa mamilioni bila wateja kujua. Faini ya 2016 ilikuwa dola milioni 185, benki kubwa kama ile hailii kwa hizo. Kilichouma ni 2018, Benki Kuu ya Marekani ilipoizuia kukuza rasilimali zake, na zuio likadumu hadi 2025. Hapo bado sijataja dola bilioni 3 ilizolipa 2020 kumaliza uchunguzi wa serikali. Bodi iliyouliza mapema "hii namba nane inafikiwaje?" ingeokoa yote hayo.

Mwanahisa mdogo: Nyote mnaongelea kampuni, mimi naongelea mfuko wangu. Gompers, Ishii na Metrick walionyesha mwaka 2003 kwamba kununua hisa za kampuni zinazolinda haki za wanahisa na kuuza zile zinazozibana kungekupa ziada juu ya faida ya kawaida ya soko, kama asilimia 8.5 kwa mwaka, katika miaka ya 1990. Tamu, eh? Mwaka 2013 Bebchuk, Cohen na Wang wakarudia hesabu kwa 2000 hadi 2008: ziada imeyeyuka. Maelezo yao ni kwamba soko lilijifunza, ubora ukaingia kwenye bei. Kampuni inaweza kuwa nzuri kweli na mnunuzi wa leo asipate cha ziada.

Mleta mada: Hapo kwenye bei umenena. Na hao wanaozipa kampuni alama za uendelevu wenyewe hawaelewani. Berg, Kölbel na Rigobon (2022) walilinganisha alama za mashirika sita. Kwenye kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa, wastani ulikuwa 0.54. Nitakachokubali ni Khan, Serafeim na Yoon wa 2016: kampuni zilizofanya vizuri kwenye masuala yanayogusa biashara yao hasa ziliwazidi wenzao, zilizohangaika na yasiyowahusu, hapana. Mgodi ushughulike na maji na usalama wa wachimbaji, benki na mikopo yake. Mengine ni matangazo.

Mhasibu: Basi tumekaribiana. Ila nani atailazimisha bodi ichague yanayouma? Bosi wa Wells Fargo alinyang'anywa hisa za dola milioni 41 mwaka 2016, siku chache baada ya kukaangwa na maseneta, wakati wafanyakazi wa kawaida kama 5,300 walishafukuzwa kitambo. Mimi nataka sharti la kurudisha bonasi liandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, kwa sheria.

Mwanahisa mdogo: Kwa sheria hapana. Wanahisa tulipigie kura kwenye mkutano mkuu.

Mhasibu: Wenye asilimia ngapi?