Naomba ushauri: kunakili volyumu za Ceph kutoka klasta ya Dar kwenda Dodoma

Fundi_Seva
Wakuu, habarini za jioni. Nafanya kazi kwenye taasisi ya mikopo, jina tuliache. Seva zetu zipo Dar: nodi (seva) tano za Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, zenye Ceph, mfumo unaotunza nakala za data kwenye diski za seva nyingi, mashine pepe kama arobaini, data karibu TB 6. Sasa zimenunuliwa nodi tatu za kuweka Dodoma, na bosi anataka kila kinachoandikwa Dar kionekane Dodoma papo hapo. Faiba tuliyokodi kati ya ofisi hizi ni Mbps 100, ping inacheza kwenye ms 10 hadi 12.

Nina mawazo mawili. Ama niunganishe nodi zote nane ziwe klasta moja (kundi la seva zinazofanya kazi kama mfumo mmoja) na nakala moja ikae Dodoma, ama niwe na klasta mbili na ninakili kwa rbd-mirror, zana ya Ceph ya kunakili diski za mashine pepe kwenda klasta nyingine, ambayo sijawahi kuigusa. Databesi kuu ni PostgreSQL yenye diski mbili, moja ya data na nyingine ya WAL (kumbukumbu ya mabadiliko, inayoandikwa kabla ya data yenyewe). Nianzie wapi?

Mzee_wa_Terminal
Mkuu, hilo la kwanza lifute. Ceph haimjibu mteja kwamba imeandika mpaka OSD (huduma zinazosimamia diski) zote zenye nakala ziwe zimeandika. Ukipeleka nakala moja Dodoma, kila andiko la kila mashine linasubiri kwenda na kurudi, ms 10 kabla diski haijafanya lolote. Programu inayoandika muamala mmoja mmoja haitavuka miamala 100 kwa sekunde, na klasta nzima itaandika kwa kasi ya faiba yako, yaani MB 12.5 kwa sekunde. Wafanyakazi wa kaunta watakupigia simu kabla ya saa sita mchana.

Kwa hiyo klasta mbili. rbd-mirror ina njia mbili. Ya jonali imekuwepo tangu toleo la Jewel la 2016: kila andiko linaingia kwanza kwenye jonali (daftari la maandishi) ndipo liingie kwenye imeji (diski pepe ya mashine), hivyo unalipa maandishi mara mbili. Halafu krbd (dereva ya diski za Ceph ndani ya kernel ya Linux) haiielewi jonali, na kontena za LXC za Proxmox zinapita kwenye krbd. Ya snapshoti ilikuja na Octopus mwaka 2020: kila baada ya muda uliopanga, Ceph inapiga snapshoti (picha ya diski ilivyo wakati huo) na upande wa pili unavuta tofauti tu. Kwa faiba yako, chukua ya snapshoti.

Nuru_IT
Naunga mkono, ila kabla hujagusa amri yoyote mrudie bosi. Muulize hivi: Dar ikiungua leo, upo tayari kupoteza dakika ngapi za kazi? "Papo hapo" si jibu. Mbps 100 inapitisha GB 11 hivi ndani ya dakika 15, hiyo ni hesabu ya karatasini. Kama mashine zako zinabadilisha zaidi ya hapo kwa robo saa, foleni haitaisha hata uweke ratiba gani.

Na ratiba ya dakika 15 haimaanishi unapoteza dakika 15. Tuseme snapshoti ya saa 4:00 asubuhi imefika Dodoma, ya saa 4:15 bado ipo njiani, na moto unazuka saa 4:24. Dodoma inarudi kwenye ile iliyokamilika, ya saa 4:00. Umepoteza dakika 24. Mwambie bosi nusu saa, usimwambie robo.

Kijana_wa_Pwani
Nimekaa hapa najifunza. Kwani ile replikesheni iliyomo ndani ya Proxmox si ingetosha?

Mzee_wa_Terminal
Ile ni ya ZFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi data, na inafanya kazi kati ya nodi za klasta moja tu. Huyu ana Ceph na klasta mbili.

Fundi_Seva
Nimerudi, wakuu. Bosi amekubali nusu saa kwa mashine nyingi: faili, barua pepe, mfumo wa mahudhurio. Databesi ya mikopo amekataa. Anasema hata dakika tano za marejesho zikipotea ni kesi.

Mzee_wa_Terminal
Basi databesi iondoe kwenye rbd-mirror. Washa mashine ya PostgreSQL Dodoma na uipe streaming replication ya PostgreSQL yenyewe, bila kusubiri jibu la Dodoma. WAL inatiririka mfululizo, kwa hiyo faiba ikiwa nzima unakuwa nyuma kwa sekunde chache tu.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaioni. Umesema databesi ina diski mbili. Ratiba ya rbd-mirror inapiga snapshoti ya kila imeji kivyake. Diski ya data na ya WAL zikinaswa kwa nyakati tofauti, hata kwa sekunde moja, ukiziwasha Dodoma PostgreSQL inaweza kukataa kuamka, au iamke na data isiyoeleweka. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Nuru_IT
Haya, tuingie jikoni. Majina ya puli (sehemu za Ceph zinazohifadhi imeji) yawe yaleyale pande zote mbili. Tuseme puli inaitwa vm. Dar:

`rbd mirror pool enable --site-name dar vm image`

Dodoma amri hiyohiyo, jina la kituo liwe dodoma. Kisha Dar unatoa tokeni:

`rbd mirror pool peer bootstrap create --site-name dar vm > tokeni`

Unaipeleka Dodoma kwa njia salama, kwa sababu ndani yake kuna ufunguo wa klasta. WhatsApp hapana. Halafu:

`rbd mirror pool peer bootstrap import --site-name dodoma --direction rx-only vm tokeni`

Huduma ya rbd-mirror inakaa Dodoma na ndiyo inayovuta. Kwa hiyo Dodoma lazima izifikie monita za Dar (huduma zinazosimamia hali ya klasta), bandari 3300 na 6789, pamoja na OSD zote, kuanzia 6800 kwenda juu. Watu hufungua za monita tu, kisha wanashangaa mbona haisogei. Yote yapite ndani ya WireGuard (VPN), maana Ceph kwa kawaida haifichi data inayosafiri.

Kisha washa imeji mojamoja: `rbd mirror image enable vm/vm-101-disk-0 snapshot`, na ratiba: `rbd mirror snapshot schedule add --pool vm 15m`.

Jambo la pesa sasa. TB 6 kwa Mbps 100 ni siku tano na nusu za faiba kujaa bila kupumua. Nodi za Dodoma usizisafirishe kwanza. Zifunge Dar kwenye swichi ileile, zinakili humo ndani, kisha zipande gari. Zikifika zinavuta tofauti tu. Ila zipe IP za Dodoma tangu siku ya kwanza na ruta iwe katikati, kwa sababu monita za Ceph zinaandika IP zake kwenye monmap (orodha ya monita), na kuzibadilisha baadaye ni mateso.

Fundi_Seva
Ubarikiwe sana mkuu. Kunakili ndani ya Dar kumeenda safi, imeji zote up+replaying, yaani zinanakiliwa vizuri. Nodi zimefika Dodoma, na hapo ndipo nimekwama. Ping inajibu vizuri, tokeni haijalalamika, lakini imeji hazisogei hata baiti moja. Bandari nimefungua zote.

Mzee_wa_Terminal
Mtandao wa Ceph wa Dar una MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) 9000?

Fundi_Seva
Ndiyo, pande zote mbili.

Mzee_wa_Terminal
Umeshajijibu. Ping ya kawaida ni pakiti ndogo, inapita popote. Jaribu `ping -M do -s 8972` kwenda nodi ya Dar, utaona haifiki. Huenda kuna fayawoli njiani inayozima ule ujumbe wa ICMP unaosema pakiti ni kubwa mno, ingawa inaruhusu ping, kwa hiyo hakuna anayeiambia nodi ipunguze pakiti. WireGuard inachukua 1420, basi weka kwenye ruta MSS (kiasi cha data ndani ya pakiti moja ya TCP) isizidi 1380. Humo ndani ya klasta acha 9000 yako.

Fundi_Seva
Imetembea palepale! Sasa siku ya tukio nafanyaje? Niandike skripti ipandishe Dodoma iwe kituo kikuu, Dar isipojibu?

Mzee_wa_Terminal
Hapana. Ukiwa na vituo viwili tu, Dodoma haiwezi kujua kama Dar imekufa au trekta limekata faiba. Skripti ikipandisha kwa `--force` wakati Dar ipo hai, una imeji mbili zote zinaandikwa na wateja. Faiba ikirudi lazima uchague moja: unaishusha nyingine, unaifanyia `rbd mirror image resync`, na kilichoandikwa humo kinafutika. Aamue mtu, baada ya kupiga simu Dar.

Kwa mazoezi, chukua mashine isiyo na kazi. Izime, `rbd mirror image demote` (kuishusha) Dar, subiri Dodoma imalize kuvuta, `promote` (kuipandisha) Dodoma, iwashe. Ili urudishe maandishi ya Dodoma kwenda Dar, Dar nayo inahitaji rbd-mirror yake na mwelekeo wa rx-tx, si rx-only.

Nuru_IT
Na rbd-mirror inanakili diski tu. Faili za `/etc/pve/qemu-server/`, zenye mipangilio ya mashine pepe, hazimo. Zinakili kila usiku kwenye folda ya pembeni huko Dodoma, namba za mashine ziwe zilezile, na angalia jina la bridge (swichi pepe ya mtandao) kwenye kila faili. Bekapu pia iendelee kama kawaida: mtu akifuta jedwali Dar saa 3, Dodoma nako litakuwa limeshafutika kabla ya saa 4.